Kasia Moja Katika Koo la Mtawa

Miaka thelathini na mitano Orosia hakumpa salamu Gracián mwenye kinu. Kanisani alimpa mgongo, mazishini alimpa mgongo. Hata mke wa Gracián alipokufa, Orosia alipeleka mkate msibani, akamkabidhi dada wa marehemu, akaondoka bila kumtazama mfiwa. Na alikuwa na haki. Kuna maneno hayasameheki.

Maneno yenyewe ni haya: kwamba mumewe, Urbez, hakutoroka mikononi mwa adui, alifunguliwa mlango baada ya kuwataja wenzake.

Basi sikilizeni ilivyokuwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Urbez alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kazi yake kushusha magogo mto Cinca kwa chelezo, magogo yenyewe yakifungwa pamoja yaelee. Hakuna aliyemwita. Alijipeleka mwenyewe kuitetea Jamhuri dhidi ya majenerali walioasi, viatu vya kamba miguuni. Akapitia kinuni.

"Twende, Gracián."

"Tumbo linaniuma."

"Likipoa tufuate, bwana."

Tumbo la Gracián liliuma miaka mitatu.

Urbez alipigana baridi mbili milimani. Theluji ilimla vidole viwili vya mguu, hakuacha kikosi. Mwaka 1938 wakavunjwa, akakamatwa akiwa amembeba mwenzake aliyejeruhiwa. Wakampeleka kwenye daraja lililobomolewa, afunge magogo ya kulijenga upya. Walinzi walikuwa watu wa tambarare; mto kwao ni kitu cha kunyweshea punda. Urbez akafunga chelezo kwa fito mbichi zilizosokotwa, kama tunavyofunga sisi, akawaambia lazima akizungushe nyuma ya jiwe lililokuwa mtoni ndipo kitulie.

"Haraka basi, we mtu wa magogo!"

"Naenda, mkubwa."

Akaenda. Hadi leo wanamsubiri.

Mbele kulikuwa na Koo la Mtawa, korongo jembamba, mwamba huku, mwamba huku, na maji ya theluji ya Mei yamefura. Pale chelezo hupita na watu wawili, kasia mbele, kasia nyuma. Yeye alipita peke yake, kasia moja, risasi zikimfuata. Akatoka chini, akatembea siku tisa majabalini, akawafikia wenzake, akaomba bunduki nyingine. Upande wetu uliposhindwa alivukia Ufaransa. Aliporudi baada ya miaka tisa, alikuta kijiji kimeshakunywa maneno ya Gracián: "Mtu mmoja hapiti Koo. Muulizeni alimuuza nani." Na enzi zile, nani angembishia Gracián, rafiki wa wakubwa walioshinda? Urbez aliyaacha yapite. Orosia hakuweza.

Vyelezo vikafa, malori yakachukua magogo. Miaka ikapita, wakubwa wale nao wakapita. Ndipo vijana wakataka kushusha chelezo tena kwa sherehe, wakaja kwa Urbez awafundishe kusokota fito. Alikuwa na miaka sabini. Akawafundisha, kisha akasema, "Changu nitakishusha mwenyewe. Kasia moja."

Orosia alikuwa anamenya viazi. "Utakufa, mzee mjinga."

"Labda."

"Basi ukifa, fia chini ya Koo. Ukifia juu watasema uliogopa."

Ndiyo mapenzi yao hayo. Kesho yake Orosia alikwenda kukata fito yeye mwenyewe, akazisokota mpaka viganja vikatoka damu.

Jumapili ile watu walijaa darajani, chini ya Koo. Chelezo kikaingia kati ya miamba. Kwanza likatoka gogo moja, limechomoka, watu wakapiga yowe. Orosia hakupiga. Halafu akatoka mzee, amesimama wima, amelowa kama paka, kofia yake kichwani.

Watu wakishangilia, Orosia alimwendea Gracián, naye alikuwa pale darajani.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Sema kwa sauti. Uongo wako ulikuwa na sauti."

Gracián akavua kofia. "Hata siku ile niliona," akasema, na wote wakageuka. "Nilikuwa mlangoni pa kinu, pale penye Koo. Risasi zilikuwa zinapiga maji. Alipita peke yake. Nimejua siku zote."

"Sasa kwa nini?"

"Yeye alikwenda. Mimi nilibaki."

Vijana wakamtazama Orosia, wakidhani atampa mkono. Thubutu! Alikuwa keshaanza kuteremka ukingoni, soksi kavu za mumewe kwapani, na daraja zima likimpisha.