Makaa Chumbani mwa Mama

Mama yangu anazijua habari za Uingereza kuliko Waingereza wenyewe. Anaishi peke yake katika mji mmoja wa kaskazini ya nchi hiyo, ghorofa ya pili ya nyumba za serikali, na redio yake haizimwi ila kwa sala. Kila Ijumaa baada ya alasiri ya huku Jeddah tunapigiana simu ya video, na kabla hajaniuliza wajukuu wake wamekula nini ameshanipa taarifa zote: waziri mkuu gani kaondoka, nani kaingia, madaktari wamegoma, gesi imepanda bei. "Mawaziri wakuu wa huku, mwanangu, ni kama mapazia ya Idi," huniambia. "Hata hayajafifia, watu washataka mengine."

Wazazi wake walimleta Jeddah kutoka Unguja angali mdogo, na mimi nimezaliwa hapa hapa. Uingereza alikwenda uzeeni kumfuata kaka yangu, aliyekuwa ameoa huko na kupata karatasi za ukaazi. Kisha kaka akafariki, mkewe akahamia mji mwingine na watoto, Mama akabaki. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa ikama, kile kibali cha kukaa, akihesabiwa mgeni katika mji alimokulia, akishapata pasi ya kusafiria iliyo yake haiachii. Nilimwelewa. Lakini kumwelewa mtu hakumpashi joto, na nyumba ya Mama ilikuwa na baridi.

Baridi yenyewe ilianzia redioni. Serikali ilitangaza kwamba ile pesa ya kuwasaidia wazee kupasha nyumba joto wakati wa majira ya baridi haitatolewa tena kwa kila mzee, ila kwa wale wanaopokea msaada wa watu wenye kipato kidogo. Mama alikuwa na haki ya msaada huo, angeuomba tu. Hakuuomba.

"Unguja tumeiacha na nyumba yetu, Jeddah nimeiacha na kaburi la baba yako," alisema. "Sasa niende nikajiandikishe umasikini kwa Mwingereza?"

"Mama, si kuomba. Ni haki yako."

"Miye nina makoti mawili."

Nilikasirika mpaka nikamkatia simu, kisha nikampigia tena kumwomba radhi, maana mama ni mama. Baadaye sana serikali ile ile ilibadili mawazo na wazee wengi wakarudishiwa pesa yao. Mama ndiye aliyeniletea habari hiyo, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Lakini hayo yalikuja baada ya haya ninayoyasimulia.

Majira yale alipasha joto chumba kimoja tu, tena kwa saa chache. Milango mingine aliifunga, akaziba nyufa kwa kanga zilizochakaa. Dirisha alilipiga utepe wa gundi pembe zote nne. Ukutani koga nyeusi ikaota nyuma ya kabati, na mimi huku Nuzha, mtaani kwetu Jeddah, kiyoyozi kikinguruma juu ya kichwa changu, nikawa namfundisha kuifuta kwa siki kana kwamba nimewahi kuiona. Mume wangu naye akajitia katika ushauri. Yeye ni fundi wa viyoyozi Riyadh, kwenye maghala ya Sulay, huja Jeddah mara moja kwa mwezi, na kwa imani yake mashine zote duniani ni ndugu. Siku moja alipokuwa kwetu alimwelekeza Mama kwa simu namna ya kutoa hewa iliyonaswa ndani ya lile bomba la ukutani linalopasha chumba. Mama akafungua palipotakiwa na pasipotakiwa. Maji machafu yakaruka mpaka kwenye msala wake wa kuswalia.

"Mwambie mumeo akawapoze Waarabu," alisema Mama, "miye aniwachie baridi yangu."

Tulicheka wote watatu. Nilipokata simu nililia, kwa sababu nilikwisha kuona kwamba pumzi yake ilikuwa inatoka na moshi ndani ya nyumba.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukwenda? Niliomba viza ya kumtembelea. Waliniandikia kwamba hawakuridhika kuwa nitarudi. Kila waziri mkuu anayeingia kule anaahidi kupunguza wageni, Mama mwenyewe ndiye aliyenieleza, na mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa kabla sijafika. Kumrudisha yeye huku nako hakukuwezekana. Ikama yangu imo chini ya ile ya mume wangu, na ya mume wangu imo mikononi mwa kafili wake, tajiri aliyemdhamini, ambaye tukimtajia habari ya mama mkwe anaangalia saa. Basi nilibaki na simu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini nilikuwa naipunga kila Ijumaa.

Ijumaa moja nilimpigia, nikamkuta amevaa dera jepesi. Hana koti, hana soksi. Amekaa kitandani, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, na uso wake unang'aa.

"Leo kwangu kuna joto kama Jeddah," alisema. "Alhamdulillahi."

Nilifurahi jamani. Nikadhani ameomba ule msaada kimya kimya ili asinipe raha ya kushinda. Tukazungumza. Akaniambia bunge linajadili nini. Kisha akaniambia tena bunge linajadili nini, kwa maneno yale yale. Akapiga miayo, akajishika kipaji.

"Kichwa kinanigonga tangu asubuhi. Na miguu haina nguvu."

"Mama, umewasha ile mashine?"

"Mashine ya nini? Nimejifanyia seredani yangu."

Akaigeuza simu. Chini ya kitanda, juu ya sinia, palikuwa na beseni la bati limejaa makaa mekundu, yale wanayouza Waingereza kwa kuchomea nyama uani. Ameyakoleza kwenye jiko la kupikia, ameyaleta chumbani, na juu yake ametupia kipande cha udi. Makaa kwetu ni kitu cha furaha. Hapa Nuzha kila nyumba ya Waunguja ina chetezo, na mgeni akiingia hufukiziwa. Lakini ni kipande kimoja, na mlango unafunguliwa na kufungwa kutwa nzima. Mama alijaza beseni, ndani ya chumba alichokiziba mwenyewe mpaka tundu la ufunguo.

Kila majira ya baridi mume wangu hunisimulia habari za wafanyakazi wa Riyadh waliofungia makaa chumbani, wakalala, wasiamke. Makaa yakishakolea hayatoi moshi, hutoa hewa ya sumu isiyoonekana, ndiyo maana huua. Nilipiga ukelele.

"Mama, fungua dirisha! Fungua sasa hivi!"

"Dirisha lina gundi," alisema polepole. "Usinipigie kelele, mwanangu. Wacha nilale kidogo."

Simu ikaanguka. Sikumwona tena. Nikawa naiona dari tu na taa yake, na nasikia redio inamhoji mtu kuhusu bei ya gesi.

Nilichukua simu ya binti yangu nikapiga namba ya dharura ya Uingereza, ambayo Mama mwenyewe alinifundisha. Kumbe namba ni ile ile na huku: akapokea askari wa hapa hapa Jeddah, akanisalimu vizuri na kuniuliza niko mtaa gani. Nikakata, nikampigia mume wangu.

"Mpigie jirani yake," alisema.

"Sina namba ya jirani!"

"La haula," alisema. Yeye Riyadh, mimi Jeddah, Mama Uingereza, na hapakuwa na hata mmoja wetu wa kunyoosha mkono akafungua dirisha. Sijawahi kujiona sina maana kama siku ile. Nilimwita Mama. Nikamwita kwa jina lake, jambo nisilothubutu maisha yangu yote. Nikasoma nilichokumbuka cha Kurani. Dari ilikuwa ile ile.

Sijui nani aliniwekea neno mdomoni. Niliisogeza simu karibu, nikakaza sauti ya mtu aliyesimama nje.

"Hodi!"

Redio tu.

"Hodi hapa! Hodi wenyewe!"

Kitanda kikalia. Mama amelelewa kwamba mgeni hasimamishwi mlangoni, hata kama unaumwa, hata kama huna chai. Nikasikia sauti yake, nzito, kutoka mbali.

"Karibu. Nani?"

"Ni mimi, Mama. Nifungulie mlango."

"Weye?" Akakohoa. "Ngoja nivae mtandio."

Nilimsikia akijikokota. Kitu kikaanguka. Nikaendelea kupiga hodi, koo linanichanika, wanangu wamenizunguka wanalia bila kujua wanalilia nini. Mlango wa chumba ukalia, kisha ufunguo wa mlango wa nje ukazunguka mara ya kwanza, ukakwama, ukazunguka tena. Kisha mlango ukafunguka, na nikasikia upepo.

Baada ya muda ikaingia sauti ya mwanamume, inauliza kwa Kiingereza. Jirani wa mlango wa pili alimkuta ameketi kizingitini, mtandio kichwani. Aliiokota simu, na mimi nikamtajia kwa Kiingereza changu cha dukani: makaa, hewa, mama yangu. Alielewa. Gari la wagonjwa lilifika nikiwa bado nimeishika simu kwa mikono miwili.

Walimlaza, wakamtia hewa safi, akarudi nyumbani. Jirani alitoa beseni na kubandua gundi dirishani, na kuna kidude wamemfungia ukutani kitakachopiga king'ora hewa ikiharibika. Nilipompigia alikuwa amevaa makoti yote mawili. Nilijitayarisha kumgombeza. Yeye alikuwa ananitazama tu, hana taarifa yoyote ya waziri mkuu.

"Jirani anasema nilikaa sana pale mlangoni," alisema. "Alitaka kuniingiza ndani kwake, kuna joto, nikakataa."

"Kwa nini, Mama?"

"Nilijua umo ngazini," alisema. "Nilidhani unapandisha mizigo."