Mwanangu Anataka Kumkanyaga Mwanamke Wangu wa Udongo

Barua hii imetoka upande wa Kilosa. Mwenyewe ameomba asijulikane, nasi tumeficha jina lake na la kambi yake. Wasomaji, msomeni kwa huruma.

Bwana Mhariri na wasomaji wenzangu, salaam. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi na mume wangu katika kambi moja ya mkonge. Yeye yuko mashineni, mimi naanika nyuzi, lakini watu wananijua zaidi kwa udongo. Nafinyanga wanawake wa unyago. Bibi yangu alinifundisha kule Kidete, tunachimba udongo kando ya mto Mkondoa, naye ananipiga mkononi kila nikitengeneza kiuno chembamba. "Mwanamke gani huyu? Mpe nyama!" Basi miaka yote nimewapa nyama. Nyonga nene, shanga, matiti mawili yamesimama. Kungwi anawaonyesha wali, wale wasichana waliowekwa ndani, kila sanamu na somo lake, na siku ya kutoka wali wanazikanyaga zote zivunjike, maana mambo ya ndani hayatakiwi kuonekana nje. Zaidi ya hapo sisemi, waliochezwa wanajua.

Mwaka juzi nilipata uvimbe kwenye titi la kushoto. Nikapelekwa hospitali Morogoro, wakalikata. Mume wangu aliwaambia watu ni jipu la mgongoni. Tangu hapo naviringisha katani ndani ya kitambaa, natia kwenye gauni mahali pa titi, naenda zangu kazini. Inawasha, jamani, msicheke! Anayejua ni mume wangu tu. Binti yangu, mtoto wangu pekee, hajui. Alikuwa na tabia ya kunirukia na kunikumbatia, nikawa namkwepa, nasema mgongo, mgongo. Mwisho akaacha mwenyewe.

Mwaka huu binti yangu amevunja ungo, akawekwa ndani na wenzake wanne. Mchumba keshapatikana, kijana wa Mikumi, na watu wake wameleta posa. Kungwi akaniagiza sanamu sita. Tano nilizifinyanga kama siku zote. Ya sita, sijui nisemeje, mikono ilinikatalia. Niliutazama ule udongo nikaona nimefinyanga wanawake wa kila namna, mimi sijawahi kuwemo. Nikamfanya mwembamba, mbavu zinaonekana, titi moja, na upande wa pili nikachora mshono kwa kijiti. Nilitaka mwanangu ajue kuwa hata huyu ni mwanamke. Nilipomaliza nililia, halafu nikacheka. Alikuwa mzuri, wallahi! Nikampanga kapuni na wenzake. Kosa langu ni hapo, sikumwambia kungwi maana yake. Niliona haya.

Mama mzazi haruhusiwi kuingia alipo mwali wake. Nilipeleka uji, nikasimama nyuma ya ukuta, nikamsikia kungwi akisema, "Na huyu? Huyu alimdharau mumewe akatembea nje. Mungu akamnyang'anya uanamke. Mnamtaka?" Wali wakaitika, "Hatumtaki!" Sauti ya mwanangu ilizidi zote. Mungu wangu! Mimi mwenye domo, ninayegombana na nyapara mbele za watu, nilishindwa hata kukohoa.

Kungwi akatoka kupokea uji. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ile ya titi moja umenifurahisha, imewaingia kweli. Binti yako ameomba aikanyage yeye wa kwanza."

Nikamwambia, "Bibi, ile labda ingepewa somo jingine."

"Somo likishatamkwa ndani halirudi. Kwani kuna nini?"

Nikasema hakuna kitu. Nikaondoka.

Ndugu zangu, maji yamenifika shingoni. Nikimweleza kungwi ukweli, kesho yake kambi nzima inajua. Watu wa Mikumi watasema ukoo wetu una ugonjwa, au watasema nilitembea nje kweli, maana ndivyo wali walivyofundishwa. Posa itavunjika, na mwanangu atajua ni kwa sababu yangu. Nikinyamaza, ataolewa akiamini mwanamke wa namna yangu ni wa kukanyagwa. Nilimwambia mume wangu, akasema, "Umejitakia mwenyewe. Nyamaza." Halafu akatoka, akakaa mtoni mpaka magharibi, chakula hakugusa. Naye nimemchosha, maskini. Msimlaumu, na tafadhali msidokeze lolote la kututambulisha, gazeti hili husomwa kwa sauti dukani kwetu.

Wali wanatoka mwezi ukiandama. Watakanyaga sanamu huko ndani, kisha kila mwali ataletwa uwanjani na kulazwa kifuani kwa mama yake mbele ya watu wote, mama amkumbatie mpaka nyimbo ziishe. Ndiyo desturi yetu, haikwepeki, na safari hii siwezi kusingizia mgongo. Mwanangu atanijia na udongo wangu miguuni. Miaka miwili sijamkumbatia mtoto wangu. Nishaurini, mama zangu na dada zangu: siku ile nivae katani yangu, au niende bila katani?