Farasi Mmoja wa Zuhura

Vita vile vilitugharimu likizo nzima ya Agosti, mahamri ambayo idadi yake sitaitaja kwa sababu mwenye kuyapika bado yu hai, ndara moja ya binamu yangu Kahindi iliyobaki juu ya makuti, na bili ya stima ambayo Mjomba Karisa aliisoma ameketi, kisha akaisoma tena amesimama, kama kwamba ukisimama inapungua. Nimeijumlisha gharama ile zaidi ya mara moja. Kila nikiijumlisha naona tulilipa kidogo.

Enzi zetu hapa Malindi kompyuta haikukaa mfukoni. Ilikaa juu ya meza yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ukiigusa hujanawa mikono ulikuwa umeliomba kofi mwenyewe. Ile ya mjomba aliachiwa na Mtaliano aliyekuwa akimtunzia bustani, mzee aliyefunga nyumba yake akarudi kwao. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu, na ulisema Kitaliano. Hilo halikututisha. Mtoto wa Malindi wa wakati ule alijua kutaja bei kwa Kitaliano kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Ulianza na kijiji kimoja, ng'ombe mmoja wa kulima, na farasi mmoja na mpandaji wake. Zamu ikikufikia ulichagua jambo moja: uongeze shamba, au uongeze askari, wengi kadiri ya magunia uliyonayo ghalani. Shamba lilileta magunia ya nafaka. Askari waliyala magunia hayo kila zamu, wapigane wasipigane, na ghala likikauka walisimama zamu moja bila nguvu ya kupigana, kisha waliweka silaha chini wakaenda zao. Ukimaliza ulibonyeza palipoandikwa *fine turno*, yaani zamu imekwisha, ukaondoka kitini mwenzako akae. Ukichungulia zamu ya mwenzako, unaikosa yako. Maneno yale mawili yalituganda midomoni, hata siku moja mama aliponituma maji kwa mara ya pili nikamjibu "fine turno". Akanionyesha kwamba yake bado.

Kahindi alicheza kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Askari, askari, askari, kisha mbio mpaka kwangu kabla sijavuna. Mimi nilinusurika kwa mdomo. Leo nilimuuzia amani, kesho nilimuuzia ile ile tena, na aliinunua bila kuikagua. Tulidhani mchezo ule una njia mbili tu: upige mapema au ulime uombe Mungu.

Zuhura alikuwa binti wa jirani, hirimu yetu, aliyepita kila asubuhi na sinia la mahamri ya mamake. Alikuwa akisimama mlangoni anatazama. Siku moja akaliweka sinia chini.

"Na mie nipangieni zamu."

"Huu mchezo wa vita, dada," Kahindi akamwambia. "Si kuchambua mchele."

"Nimeona. Na unavyopigwa nimeona."

Kahindi akaweka sharti: atakayetolewa hagusi kiti tena mpaka likizo ijayo. Kwetu sisi lilikuwa sharti la kawaida. Kwa Zuhura halikuwa. Babake alikuwa amepata kazi Mtwapa, na shule zikifunguliwa walikuwa wanahama. Yeye hakuwa na likizo ijayo. Alikubali bila kubisha, jambo lililonitia wasiwasi. Mtu asiyebisha bei ama ni mjinga ama ameshapiga hesabu.

"Tumtoe mapema," Kahindi aliniambia. Kunong'ona kwa Kahindi kulisikika mpaka msikitini.

Basi akaanza kuunda askari. Zuhura hakuunda hata mmoja. Alimchukua yule farasi tuliyepewa sote bure, ambaye sisi tulimwacha mlangoni kama paka, akamvusha nyika nzima mpaka shambani kwa Kahindi. Hakushambulia. Alisimama tu. Na katika mchezo ule, adui akisimama shambani ng'ombe halimi. Kahindi akatoa askari wamfukuze, farasi akarudi nyuma kidogo. Askari wakirudi nyumbani, farasi huyo tena. Akaongeza wa kumlinda ng'ombe, akaongeza wa kuwalinda hao walinzi, na kila aliyeongezwa alikuja na mdomo wake.

"Ananichezea," alilalamika barazani. "Kama ni vita, alete vita."

"Mie nalima," Zuhura akasema, akiendelea kumung'unya ukwaju.

Nikilifikiria jambo lile mpaka leo mwili unanisisimka. Alikuwa amepiga kidogo kabisa, kiasi cha kumzuia mwenzake asilime, na kwa upigaji huo hakutoa hata gunia moja la ziada. Mwalimu wetu alikuwa hajatufundisha hesabu kama hiyo, na sidhani kama aliijua.

Kahindi akanijia tuunganishe majeshi. Nikamwambia mashamba tutakayoteka, mawili yangu na moja lake. Akakubali papo hapo. Hapo nikajua ana njaa. Nilipokuwa naingia ndani kucheza zamu yangu, Zuhura akaniita.

"Kaka, waje tu. Lakini umewahesabia cha kula njiani?"

Nilikaa kitini nikahesabu. Safari ilikuwa zamu tano. Nikahesabu tena. Ghala langu liliishia zamu ya nne, katikati ya nyika, pasipo na mti. Nikawarudisha askari ndani nikaongeza shamba.

Kahindi akaenda peke yake. Nusu ya jeshi lake ilitawanyika njiani. Vita vikianza, kuchungulia kuliruhusiwa, kwa hiyo sote tulisimama nyuma ya kiti, hata mjomba na ndoo yake mkononi. Zuhura akafungua ghala, na katika zamu moja wapanda farasi wakajaa uwanjani kama kumbikumbi baada ya mvua.

"Mwanangu, hawa wote ulikuwa nao wapi?" mjomba akauliza.

"Ghalani, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba."

Ndara ya Kahindi ikaruka juu ya makuti.

Siku zilizobaki nilicheza na Zuhura, na kila siku dunia yangu ilipungua. Siku ya lori kupakia vitanda vyao, wapanda farasi wake walikuwa wamesimama langoni pangu, nami nina askari wawili. Alikaa, akaangalia kioo kwa muda mrefu, kisha akabonyeza *fine turno* bila kupiga.

"Zamu yako, kaka. Usiifute."

Sikuifuta. Sikujua pia kwa nini hakupiga. Pengine alinihurumia. Pengine ghala lake nalo lilikuwa limekauka, na wale farasi langoni walikuwa wamesimama kwa njaa.

Mwanangu leo hucheza vita kwenye simu na mtu asiyemjua jina. Hushambulia kijiji kikiwa hakijaezekwa, hushindwa, huanza upya chapati ikiwa bado mdomoni. Namwonea wivu kidogo na huruma zaidi. Akishindwa hapotezi kitu. Sisi tulikaa nje, tukisikiliza kiti kikilia chini ya mwingine.

Mwezi uliopita tulikuwa tunasafisha chumba cha marehemu mjomba. Fundi akabadilisha waya, mashine ikakohoa, ikawaka. Mchezo upo, na zamu ni yangu. Nikakipiga picha kioo nikamtumia Zuhura, ambaye sasa ana duka la unga Mtwapa. Akajibu: "Idi nakuja. Sharti ni lile lile." Na katika umri wetu, likizo ijayo si kitu cha kuahidiana.

Nina kijiji kimoja, askari wawili, magunia kumi na moja. Nimeyahesabu tena, ni kumi na moja. Nikilima na wale farasi wameshiba, nimekwisha. Nikitoka kupiga na kumbe wana njaa, huenda nikashinda kwa mara ya kwanza. Nyinyi mliowahi kukaa kwenye kiti kama kile, nishaurini kabla ya Idi: nilime, au nifungue lango?