Nati ya Katikati

Tangu baba apate kiharusi, mkono wake wa kulia hushindwa hata na kifuniko cha chupa. Zamani alibeba abiria kwa gari letu wenyewe. Sasa gari nalo lilikuwa limeugua, tairi la mbele likinguruma, na fundi wa Nyakabanda akasema beringi imekwisha. Hapo baba akatoa neno lake mbele ya mama na baba mdogo, ambaye alitaka kulichukua gari akafanyie kazi Kabuga.

"Nitaifunga mwenyewe. Nikikaza mpaka spana ilie, narudi barabarani. Nikishindwa, chukua."

Nilitaka kumwambia asijifunge hivyo. Badala yake nikaenda kutafuta matambara.

Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, magari yote yamelala mpaka watu wamalize kufyeka na kufagia. Beringi mpya ilikuwa imeshashindiliwa ndani ya chuma chake kwa mashine huko gereji, na fundi alituazima spana yake ndefu, ile inayolia tak nati ikikazwa hadi kipimo chake. Baba mdogo, aliyelala kwetu, alikaa juu ya ndoo akinywa chai.

Kurudisha vyuma mahali pake, baba alitumia mkono wa kushoto, nami nikashika alikoniambia. Tulipovika tairi, akaagiza jeki ishuke.

"Likiwa hewani utakaza uongo, mama," akaniambia; ndivyo anavyoniita mimi binti yake. "Na usizunguke kama saa. Kaza ya huku, ruka, kaza ya kule."

Akaegemeza kifua kwenye spana. Tak. Akahamia ng'ambo. Tak. Nati zote za tairi zikalia. Mama akaacha kuchambua maharage. Jirani aliyepita na jembe akaita langoni, "Mzee, umepona!" Baba akacheka, na mimi nikaanza kumwona barabarani, dirisha limeshushwa.

Ikabaki ile kubwa ya katikati, inayobana beringi. Ikilegea, beringi mpya inakufa, au tairi linachomoka na watu wamo ndani. Hii haikubali kifua peke yake. Inataka mguu wa kuegemea, na mguu wake wa kulia nao ulikuwa umelegea.

Alivuta. Kimya. Akavuta tena mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo na hakujua. Nilitazama chini.

"Kaka, acha nikusaidie," baba mdogo akasema.

"Wewe kaa!"

Akavuta mara nyingine, mguu ukateleza, akaketi chini kwenye vumbi. Kisha akanyoosha ile spana, si kwa mdogo wake. Kwangu.

"Njoo, mama. Wewe ndiye uliyefanya kazi na mimi."

Nilitamani initeleze mkononi. Nilitamani nati igome, ionekane ni ngumu kwa kila mtu. Nikaegemea kwa uzito wangu wote, uzito wa msichana anayeitwa kijiti shuleni.

Tak.

"Sha! Mtoto wa kike amekushinda, kaka!" baba mdogo akapiga makofi. Makofi yakamfia mikononi. Mama aliingia ndani, akaacha maharage kwenye ungo.

Baba alichukua nyundo kwa mkono wa kushoto, akabonyeza ukingo wa nati ndani ya mfereji wa ekseli ili isijifungue njiani. Aliipiga vizuri, taratibu. Kisha akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akaufuta mafuta kwa shati lake, akampa mdogo wake.

Umuganda ulipokwisha, baba mdogo akaondoka na gari. Nilimshika baba kiwiko pale langoni. Likateremka hadi kwenye kona, na ule mngurumo haukuwepo kabisa.

"Umesikia?" baba akasema. "Halilii tena."

Nikamwambia ndiyo. Akaendelea kusimama, kwa hiyo na mimi nikasimama.