Yaya na Flashi ya Matanga

Dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya, amechapa tasnifu za nusu ya wasomi wa Kisangani, na yangu imo. Kibanda chake kiko mbele ya chuo: meza mbili, printa, mashine ya kutoa nakala, na kompyuta ndogo ya kubeba ambayo herufi zimefutika kwenye vitufe. Wanafunzi humletea karatasi zilizoandikwa kwa mkono, naye huwarudishia kazi safi. Ilinichukua miaka kugundua kwamba alirekebisha Kifaransa cha tasnifu yangu bila kuniambia. Maprofesa walinisifu kwa mtindo wangu.

Alipofika miaka hamsini na mitatu, Yaya alijiandikisha chuoni yeye mwenyewe. Aliandika juu ya akina mama wa Lubunga wanaovuka mto kwa mtumbwi kila asubuhi kuleta sokoni kwanga, ile mikate ya mihogo inayofungwa kwa majani. Kazi ilipaswa kufika ofisi ya kitivo kabla ya saa sita mchana, Jumamosi. Aliyechelewa angengoja mwaka mzima. Alhamisi asubuhi kompyuta yake ikaonyesha mstari wa maandishi meupe kwenye kioo cheusi, kwamba haioni mfumo wa kuiendesha, ikakwama hapo. Sura ya mwisho ya tasnifu ilikuwa ndani yake tu. Mwanamke ambaye hamruhusu mteja kuondoka bila nakala mbili, yeye hakuwa na hata moja. Kazi yake mwenyewe ilikuwa ikingoja za wateja ziishe.

Aliniita mimi. Mimi ni mwalimu pale chuoni; sifundishi mambo ya kompyuta, ila nina kompyuta yangu na kujiamini kwingi. Mwenzangu mmoja wa kitivo aliwahi kunipa faili la kuwekea mfumo mpya. Nikalinakili kwenye flashi, nikaenda kibandani na begi langu begani, kwa mwendo wa daktari aliyeitwa haraka.

Nikachomeka flashi, nikawasha. Maandishi meupe. Nikaihamishia tundu la pili. Maandishi meupe. Nikaitoa, nikaipuliza, nikaipangusa kwa shati. Kufika saa nne nilikuwa nimewasha na kuzima mara kumi na moja, na kila mara maelezo yangu yalizidi kuwa ya kitaalamu.

"Disque imekufa," nikasema mwishowe.

Yaya alikuwa akipanga karatasi za mteja. "Mara ya tatu ulisema flash ndiyo imekufa. Mara ya tano, courant ya umeme. Sasa disque. Bon, kuko kitu gani itabakia muzima hapa?"

"Yaya, hii iko mambo ya technique."

"Toka kwa kiti, professeur."

Mimi si profesa. Cheo hicho hunipa akiwa amenikasirikia tu. Akakaa, akaitoa kompyuta yangu begini, akachomeka flashi, akafungua kuona kilichomo.

"Hii nini?"

"Matanga ya papa."

Ilikuwa video ya mazishi ya baba yetu, saa tatu nzima, na kila mtoto alipewa flashi yake. Sikutaka kuifuta. Basi nililiweka faili la mfumo kando yake, kama mtu anavyoongeza wimbo mmoja juu ya nyingine alizonazo. Yaya alicheka mpaka akafuta machozi.

"Alors, machine inafungua mulango, inakuta batu bako nalia, inafunga. Hata miye ningefunga."

Kisha akanieleza, polepole, kama mtu anayesoma barua ya zamani. Aliwahi kuchapa tasnifu ya mwanafunzi wa informatiki, elimu ya kompyuta, na bado aliikumbuka. "Ile fichier ya mfumo iko kama kwanga. Umeileta na majani yake, umeweka kwa meza. Nani atakula majani? Kuko programme ya kuifungua ndani ya flash. Lakini ile programme inafuta kwanza kila kitu."

"Papa pia?"

"Papa tunamuhamisha kwa machine yako."

Kompyuta yangu haikuwa na nafasi. Yaya akapitisha macho kwenye orodha, akafika kwenye nakala za riwaya ninayoiandika. "Roman yako iko kumi na ine. Ziko na tofauti?"

"Kidogo."

Akanisogezea kompyuta. Nikafuta tisa kwa mkono wangu, na hadi leo sijui ni zipi.

Nilimtazama akifanya kazi, na nikaona haya kidogo. Miaka yote nilidhani maneno ya wateja hupita vidoleni mwake na kwenda zao. Kumbe yalibaki. Anajua magonjwa ya mihogo kwa sababu amewachapia watafiti wa Yangambi, anajua sheria ya ardhi, anajua jinsi ya kumgeuza mtoto aliyelala vibaya tumboni. Mimi nimesoma vitabu vyangu mwenyewe, na sikumbuki hata nusu.

Flashi ikawa tayari. Akaichomeka kwenye kompyuta yake. Maandishi meupe. Nikafungua mdomo, akainua kidole.

"Kitu kimoja kwa mara moja. Tujaribu kwa machine yako."

Kwangu flashi iliwaka bila shida. Basi flashi ilikuwa nzima. Kompyuta yake ndiyo iliyokuwa ikitafuta kwenye diski peke yake, bila kugeuka kuangalia flashi. Akaiwasha tena huku akifinya kitufe cha juu mara nyingi, ikatokea orodha, akachagua flashi. Kioo kikapata rangi.

Tukapewa njia mbili: kuujaribu mfumo bila kuuweka, au kuuweka moja kwa moja. Mkono wangu ulikuwa umeshaelekea kwenye kuweka. Akaupiga.

"Ukifinya pale, disque yote inapanguswa! Miye nachapa kitu gani Jumamosi, jina yako?"

Akachagua kujaribu. Akaingia kwenye diski. Wateja wote walikuwa humo, na mwisho wa orodha, yeye. Alifungua sura ya mwisho, akashuka hadi sentensi aliyoiachia njiani Jumatano. Ilikuwepo, imekatika palepale. Akanakili faili kwenye flashi mbili nyingine na kwenye kompyuta yangu, ndipo akavuta pumzi.

"Sasa tuweke mfumo," nikasema.

"Hapana. Iko natembea. Acha nimalize kwanza."

Aliandika hitimisho siku mbili, kompyuta ikiendeshwa na flashi iliyochomekwa ubavuni, na mtu yeyote akikaribia meza alifokewa.

Jumamosi saa nne na nusu tulikuwa dirishani pa kitivo, mimi nimebeba nakala. Karani anamfahamu Yaya. Kila mwaka Yaya ndiye humletea kazi za wanafunzi wanaokaribia kuchelewa.

"Mama, leo umeleta ya nani?"

"Yangu."

Karani akanitazama mimi, nimthibitishie. Yaya akauchukua muhuri wa kupokelea kazi mezani, akamwekea karani mkononi.