Daftari la Masika

Juzi, katika duka moja la Butembo, binti yangu alinusa daftari jipya kabla ya kulichagua, nami nikakumbuka alasiri ile ya utotoni mwangu, mjini Beni, mama alipoileta shule nyumbani.

Mama alikuwa mwalimu. Shule yake ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, naye akarudi na katoni ya chaki, rula na madaftari ya wanafunzi.

"Batoto ba jirani batasomea hapa sebuleni," alisema.

Mbali ilisikika mizinga. Mimi nilidhani ni radi.

Nilimsaidia kupanga madaftari. La Masika, rafiki yangu wa dawati moja, mama aliliweka kando.

"Atakuya siku gani?" niliuliza.

"Masika hatakuya tena."

Watu wengi walikuwa wakihamia Butembo, nikadhani naye amehama bila kuniaga. Nilikasirika. Mama alipoingia jikoni, nilichana kurasa zote ambazo Masika alikuwa ameandika, nikatia jina langu kwenye jalada.

Kabla jua halijazama, mama yake Masika alipiga hodi.

"Mwalimu, naomba kaye ya mutoto wangu, ile daftari yake. Nione tu mwandiko wake."

Mama alinitazama, kisha akaziona kurasa nilizozitupa sakafuni. Aliziokota kurasa, akazinyoosha kwa rula moja baada ya nyingine, akazishona kwa uzi. Mama Masika alipitisha kidole juu ya kila mstari, kisha wote wawili wakalia.

Nikiwa nimesimama mlangoni, niliahidi kwa sauti kwamba Masika akirudi nitamnunulia daftari jipya.