Maua ya Rozalija Yaliyoinama

Jirani yangu Rozalija alipanda teloh kivulini, chini ya mtufaha wake mkubwa, mahali ambapo kila kitu kingine kiligoma kuota. Ni ua jeupe linalochanua theluji ingali chini, na siku zote limeinama. Kila Januari aliyakata majani makuukuu ili maua yaonekane, kisha akayainua moja moja kwa kidole.

"Inua uso, wewe! Nani kakuudhi?"

Mumewe Ludvik, mtu mkimya, naye aliinuliwa kidevu hivyo hivyo kila alipotoka kiwanda cha mbao.

"Niache bwana, nimechoka," alisema, huku akicheka.

Ludvik akafa Desemba. Tulimlaza sebuleni, kichwa juu ya mito miwili, kidevu kikaangukia kifuani. Rozalija akakiinua kwa kidole. Kikashuka. Akakiinua tena, na tena, mpaka nikamshika mkono.

Januari majani hayakukatwa. Nikakasirika, nikachukua mkasi, nikayakata mwenyewe.

"Haya, shoga, njoo uyainue maua yako basi!"

Alisimama mlangoni, mikono ndani ya aproni.

"Yaache," akasema. "Mwaka huu yana haki ya kuinama."